Jinsi ya kununua shamba Mabalako bila kupoteza chochote ila pesa

Hongera. Duka lako la Butembo limelipa, kontena la Guangzhou limefika bila kuibiwa, na sasa kuna mtu amekunong'oneza kwamba hekta tano za kakao zinauzwa huko Mabalako, bei ya haraka. Mwenyewe ana msiba, au ana mtoto wa kulipiwa chuo Kampala, au ana mgonjwa hospitalini. Sababu haijalishi, ilimradi iwe ya kutoa machozi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe mwenye haraka. Mwenye subira haumhusu. Huyo atakwenda shambani zaidi ya mara moja, atakaa na majirani kivulini, atauliza maswali ya kuudhi, na mwisho hatanunua. Watu wa namna hiyo wanaharibu soko.

Kutoka Beni mjini utashika barabara ya kuelekea Mambasa. Mangina iko kilomita thelathini hivi, na Mabalako ni upande huohuo, katika grupema ya Baswagha-Madiwe, sekta ya Beni-Mbau, teritwari ya Beni. Huenda jina hilo ulilisikia kwenye redio mwaka 2018, Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti ikiwa imeanzia Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Kabla ya hapo, na baada ya hapo, watu wa huko wana shughuli zao: kahawa zamani, kakao sasa, migomba na mihogo katikati. Udongo ni mzuri mno. Ndiyo maana una wenyewe wengi.

Lipo jambo moja ambalo komisionere wako, yaani dalali, hatakwambia, kwani yeye hulipwa ukinunua, halipwi ukielewa. Sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema wazi, kifungu cha 53: ardhi ni mali ya Serikali peke yake, haihamishwi kwa mtu, wala haigeuki kuwa yako kwa kuikalia miaka mingi. Halikuwa wazo jipya. Tarehe 1 Julai 1885 watu wa Mfalme Leopold II walikwisha kutangaza kwamba ardhi iliyo wazi ni ya Serikali, na kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakipima uwazi wenyewe, shamba lililopumzishwa na msitu wa kuwindia vilionekana havina mtu. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ikaivuta ardhi mikononi mwa Kinshasa, na mwaka 1973 Mobutu akapigilia msumari. Kwa hiyo yule mzee anayekuuzia hekta tano hana ardhi ya kuuza. Ana miti ya kakao, ana jasho lake, ana makaburi ya wazazi kando ya mgomba. Usimwambie. Atakuona wewe ndiye mwizi.

Watunga sheria hawakuwa wajinga. Walijua kwamba huwezi kuwaamsha wanakijiji wa nchi nzima asubuhi moja ukawaambia wamelala kwenye shamba la Serikali. Ndiyo maana waliweka vifungu vya 387 hadi 389: ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji nazo ni za Serikali, ila haki za jamii hizo zitapangwa na amri ya Rais. Amri ikasubiriwa. Mobutu akaondoka, Kabila baba akapita, Kabila mwana akapita, miaka hamsini ikatimia watu wakiwa bado wanasubiri. Katikati ya subira hiyo ikaja Katiba ya 2006, ambayo kifungu chake cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kufuatana na sheria au na mila. Mawakili wa Beni na Butembo wamejenga nyumba zao katikati ya hayo mawili.

Mila, basi. Utapelekwa kwa shefu. Usiulize shefu yupi, maana swali hilo litakuchelewesha. Yuko kapita wa kijiji, yuko shefu wa lokalite, yuko shefu wa grupema, na nyuma ya kila mmoja kuna ukoo unaosema kwamba babu yake ndiye aliyeufyeka msitu huu kwanza, wala si babu wa huyu aliyevaa kofia. Wote watakupokea vizuri. Utasema kwa heshima:

"Shefu, nimenunua shamba kwa Papa huyu."

"Umefanya vizuri, mtoto wangu. Karibu kwetu. Sasa mbuzi iko wapi?"

Mbuzi huyo usimchukulie kama chakula cha wageni. Katika nchi ya Wayira, anayepewa pa kulima hutoa mbuzi, ndiyo muhako, na baadaye huendelea kumpelekea mwenye nchi ngemu kutokana na mavuno. Kwako wewe ni ada ya kufunga biashara. Kwa shefu ni wewe kukiri, mbele ya watu na kwa mkono wako mwenyewe, kwamba ardhi hii ni yake na wewe ni mgeni aliyekaribishwa. Mbuzi akishaliwa, mmoja anarudi nyumbani akijua amenunua, mwingine anabaki akijua amepangisha, na wote wawili wamekula mfupa wa paja lileile. Miaka kumi baadaye, mwanao atakaposahau kupeleka ngemu, mtoto wa shefu atakuja kumkumbusha, na hapo ndipo utakapotafuta karatasi.

Tuitazame hiyo karatasi kwa karibu, kwani utailipia sana. Ni ukurasa wa daftari la viboksi, umechanwa katikati ya daftari ili uwe mpana. Juu imeandikwa, kwa Kifaransa cha shule ya msingi, kwamba leo hii mimi fulani nimemuuzia bwana fulani shamba langu. Mipaka yake ni mto upande wa chini, njia ya waenda kwa miguu upande wa juu, mashariki shamba la marehemu fulani, magharibi "msitu". Ukubwa: "hekta 5 takriban", na neno takriban limeongezwa juu ya mstari kwa kalamu ya rangi nyingine. Kuna mashahidi wanne, wawili wa kwako na wawili wa muuzaji. Mmoja ametia sahihi ya kupindapinda, watatu wameweka dole gumba la wino wa buluu, na moja kati ya madole hayo lina alama ya mafuta ya samaki aliyeliwa saa hiyohiyo. Muhuri wa shefu umepigwa mara mbili kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri. Kipimo cha shamba, ukiuliza, ni hatua za miguu, na mwenye miguu alichaguliwa na muuzaji. Kisha kasiksi inamiminwa, Fanta kwa walokole, na mzee anakushika mkono akikwambia: "Hii shamba haina matata hata kidogo, Papa."

Anayesema hivyo bila kuulizwa ana sababu.

Wengi huishia hapo. Wanaiweka karatasi kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa plastiki, mfuko chini ya godoro, wanalala. Ukitaka kuwa mjanja kuliko wao, nenda mjini ukatafute karatasi za Serikali. Sasa unaingia katika shamba jingine kabisa, lenye mbuzi wake.

Utaomba ardhi kwa Serikali, ardhi ileile uliyokwisha kuilipia kwa mzee na kuilia mbuzi kwa shefu. Kwa kuwa iko kijijini, sheria inataka uchunguzi ufanyike kwanza, kifungu cha 193: mtu wa Serikali aje atazame mipaka, aone nani analima humo, awasikilize wenye malalamiko. Ni kifungu kizuri sana. Kingefuatwa sawasawa, nusu ya kesi za ardhi zisingezaliwa. Lakini mchunguzi hana pikipiki, na pikipiki yake haina mafuta, na barabara ina vizuizi, na kila kizuizi kina watoto wa mtu wanaotaka sabuni. Wewe utagharamia safari. Mtu uliyembeba, ukamlisha na ukamlaza, akifika shambani huwa anaona kwa macho yako. Majirani wakisikia pikipiki mbili na kumwona mwenye shati jeupe, wanaingia ndani. Ripoti itasema: hakuna aliyelalamika.

Kisha watu wa kadasta watapima na kusimika mawe ya mpaka. Jiwe la saruji lenye namba ni kitu cha kutia moyo, mpigie picha. Wanakijiji wana mipaka yao ya miti, ile inayochipua hata ukiikata, nao hawajawahi kuelewa kwa nini mtu wa mjini anaamini zaidi kitu kinachong'oka kwa jembe moja usiku. Mipaka ya miti na mipaka ya saruji isipolingana (haitalingana, maana hekta tano takriban zikipimwa hutoka tatu na kitu) utapata la kuongea na jirani maisha yako yote.

Saini inategemea ukubwa. Hekta zaidi ya 2,000 za kijijini zinahitaji sheria ya Bunge. Kuanzia 200 kushuka chini, ni mamlaka ya gavana. Kapita hana kikomo, anaweza kuuza hadi upeo wa macho. Na kama unamtafuta gavana, vita imekusogezea ofisi: Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uongozi wa mkoa ulihamia Beni.

Siku moja utapewa karatasi yenye nembo ya chui, yenye maneno "contrat de location", na utafanya karamu. Wenzako watakwambia umepata hati. Hujapata. Huo ni mkataba wa kupanga, wa miaka michache tu, ambao Serikali inakupa ili ikutazame: je, utaliendeleza shamba? Ukiliendeleza, ndipo unaomba cheti chenyewe, "certificat d'enregistrement", ambacho kwa kifungu cha 219 ndicho pekee kinachothibitisha haki ya kuitumia ardhi. Cheti hicho huandikwa mara mbili: nakala moja inabaki ndani ya kitabu kikubwa kwa konsavateri, mtunza hati za ardhi, nyingine unapewa wewe, na zote zina namba ya voliumu na ya folio. Aliyebuni mtindo huu ni Robert Torrens, mkusanya ushuru wa bandari ya Adelaide huko Australia Kusini, ambaye mwaka 1858 aliona kwamba ardhi ingeweza kusajiliwa kama meli: jina likifutwa kitabuni na lingine likaandikwa, mali imehama, basi. Watu wa Leopold wakaukopa. Meli hailimwi na mashemeji, lakini hilo Torrens hakuliwazia.

Ushauri wa bure hapa, na ndio pekee ambao siutanii: mtu akikuonyesha cheti kinachong'aa, usikisome cheti. Soma namba ya voliumu na folio, kisha uende kwa konsavateri ukaombe kitabu kifunguliwe mbele ya macho yako. Cheti ni karatasi, na Butembo kuna vijana wenye mashine nzuri za kuchapa. Na hata kikiwa cha kweli, angalia tarehe yake. Kwa miaka miwili ya kwanza aliyedhulumiwa anaweza kuomba mahakama ikifute. Ikishapita, haki iliyomo haitikisiki tena, na aliyeonewa hubaki kudai fidia tu. Matapeli wanaijua hesabu hiyo kuliko mawakili. Ndiyo maana wapo watu waliopata cheti cha shamba lako wakanyamaza kimya miaka miwili, wakikusalimia kanisani kila Jumapili.

Turudi kwenye kuendeleza. Mkataba unakutaka ulime, upande, ujenge. Nani atalima Mabalako mwaka ambao waasi wa ADF wamepita? Watu hukimbilia Beni na Butembo na magodoro kichwani, miezi inapita, wakati mwingine mwaka, na saa ya mkataba haisikii milio ya risasi. Inaendelea kuhesabu. Kakao nayo haikimbii. Inaiva palepale, na mwishoni mwa 2024, bei yake ilipovuka dola 12,000 kwa tani katika soko la New York, aliyekuwa tayari kuingia shambani kwa mtu aliyekimbia hakukosekana. Aliyevuna msimu mmoja ni mwizi. Aliyevuna misimu mitatu ameanza kuitwa mwenye shamba. Aliyevuna mitano ana mashahidi.

Hapo ndipo bei ya haraka inapotoka. Mwenye shamba amekaa miezi kwa shemeji yake Butembo, watoto wamefukuzwa shule, na anakuuzia asichoweza kwenda kukuonyesha. "Shamba iko pale, Papa, hata ramani ya simu inaonyesha." Ukinunua kwake, utakuwa umenunua kwa mtu halali mahali ambapo mtu mwingine analala. Au utanunua kwa huyo anayelala hapo, na mwenyewe atakupata sokoni. Mimi sioni haya kusema kwamba kununua shamba la mtu aliyekimbia risasi, kwa bei ya mtu aliyekimbia risasi, kuna jina lake katika kila lugha ya Kivu, lakini huu ni mwongozo wa ununuzi, na mnunuzi hapendi mahubiri.

Mke. Nusura nisahau, kama muuzaji alivyosahau. Aliyekuuzia ana mke Mangina aliyepanda hiyo kakao kwa mikono yake wakati mume akitafuta dhahabu, na labda ana mwingine Oicha. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimruhusu mume kuiuza peke yake mali ya nyumba kana kwamba amezaliwa nayo. Na kama muuzaji ni ndugu wa marehemu, kaa chini kabisa. Kifungu cha 758 kinawaweka watoto mbele ya wote, wa kike na wa kiume, wa ndani ya ndoa na wa nje waliotambuliwa, na wao huchukua robo tatu ya urithi. Mjane, wazazi na ndugu wanagawana robo iliyobaki. Kimila, kijijini, binti hana fungu na shemeji ndiye anayekaa kwenye kiti. Kwa hiyo shemeji atakuuzia yote, kwa sauti ya baba mwenye nyumba, na binti aliye chuoni Bunia atakuja siku moja na nakala ya sheria ndani ya mkoba. Ebola na mapanga vimeacha wajane na yatima wengi upande ule. Uliza kila kaburi lina watoto wangapi.

Usije pia ukauziwa mbuga. Mabalako iko mbali kidogo na balaa hilo, lakini komisionere akiona unasitasita atakupeleka mahali pengine "palepale karibu na mji". Mayangose, upande wa mashariki wa Beni, wakulima na Hifadhi ya Virunga wamevutana kwa miaka mingi, wakulima wakisema ni mashamba ya babu zao, hifadhi ikisema ni ardhi ya mbuga iliyoanzishwa 1925. Ukiingia katikati, huna babu pale, wala huna tembo.

Mgogoro ukishaanza, usiharakishe kwenda mahakamani kwa madai ya kawaida, hayo huchukua muda. Wajanja hugeuza mpaka kuwa jinai. Kifungu cha 207 kinasema kutumia ardhi bila haki inayotokana na sheria au mkataba ni kosa la kufungwa, na tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri, kesi za jinai zikapelekwa kwa mahakimu wenye sare. Jirani uliyekuwa ukigombea naye mgomba akajikuta anajieleza mbele ya mwanajeshi. Ni njia ya haraka kweli. Kasoro yake ni kwamba jirani naye anaijua, na shemeji yake ni mwanajeshi.

Baada ya yote hayo, ukiwa na karatasi ya viboksi, mkataba wenye chui, ripoti isiyo na malalamiko, risiti za mafuta na mbuzi watatu tumboni mwa watu, nunua kopo la rangi nyekundu. Tafuta ukuta wa udongo wa kibanda chako cha kukaushia kakao, andika kwa herufi kubwa: PARSELI HII HAIUZWI. Utaona maandishi hayo kila mahali, Bulengera, Mulekera, hadi Kinshasa, kwenye nyumba za watu wasiokuwa na mpango wowote wa kuuza, kwa sababu wengine wana mpango wa kuwauzia. Usiweke namba yako ya simu chini yake. Utaanza kupigiwa na makomisionere siku hiyohiyo, wakiuliza kama ni kweli, na kama ni kweli, ni kiasi gani.